Kihisi kinamjua ng'ombe wa wapi?

Ndugu mwandishi, makala yako kuhusu vihisi vya ng'ombe imechanganya mambo mawili: kumtambua ng'ombe na kujua amechungwa wapi. Heleni za kielektroniki za kampeni ya chanjo ya mifugo Tanzania ya mwaka 2025 zinamtambulisha ng'ombe tu, tena mpaka kifaa cha kusomea kisogezwe karibu. Hazikwambii amechungwa wapi. Kwa hilo unahitaji mkanda wa shingoni wenye GPS na kihisi cha mwendo. Wilayani Serengeti mikanda ya GPS ilishafungwa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ukaonyesha makundi yanavyokutana malishoni, kwenye maji na majoshoni, ambako magonjwa huambukizana.

Sasa ninyi watafiti mkija na mikanda hiyo huku Ufipa, mkoani Rukwa, jamani, msije na programu ya kusoma kihisi iliyofundishwa kwa ng'ombe wa maziwa wa Ulaya. Kihisi hakimwoni ng'ombe akila. Kinapima mtikisiko na mwinamo wa shingo, programu inakisia: kichwa chini, mwendo wa polepole, basi anakula. Huku ng'ombe huyohuyo ni maksai. Mvua za kwanza zikinyesha utamkuta kwenye plau tangu alfajiri, shingo imeinamishwa na nira. Programu inaweza kuandika kwamba ameshinda akila! Na mahindi yakishavunwa, anavuta majani ya mabua yaliyosimama, kichwa juu. Hapo huenda ikaandika amepumzika.

Mtafuteni mchungaji, akae na mtafiti malishoni, kiangazi na masika, amtajie mnyama anafanya nini. Alipwe kama mtaalamu. Na takwimu za malisho zitakazopatikana zisomwe kwanza kwenye mkutano wa kijiji, kabla mtu hajaamua nani apunguze mifugo.