Jenga kwanza, ndipo tukukopeshe

KANDO YA LUALABA, na Banza Ilunga

Tuseme kesho Serikali itangaze kwamba itadhamini mikopo ya nyumba kwa watu wa vijijini. Hapa Bukama nani atastahili?

Wa kwanza kufikiriwa ni mfanyakazi wa reli. Mji huu ni wa reli: njia ya kutoka Lubumbashi ilifika 1918, mabehewa yakakutana na mashua za Lualaba, na kufikia 1928 ikawa imeunganishwa hadi Ilebo. Mtu huyu ana kazi ya kudumu na makaratasi yake yote. Ila mishahara ya shirika la reli, SNCC, imekuwa ikilimbikizwa, tena si ya mwezi mmoja wala miwili, na hakuna benki inayokopesha juu ya mshahara ambao wenyewe ni deni. Wa pili ni mama anayenunua samaki wa ziwa Kisale na kuwapakia treni ya Lubumbashi. Pesa anazo, huenda zikazidi za karani wa teritwari. Karatasi ya kuzithibitisha ndiyo hana.

Na hapo kiwanja bado hatujakigusa. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuitumia. Benki inataka rehani, na rehani haiandikwi bila sertifika ya ofisi ya hati za ardhi. Kuipata sertifika kuna safari yake. Unaanza na mkataba wa kukodi kutoka Serikalini. Ndani ya muda wa mkataba unatakiwa ukiendeleze kiwanja, maana yake ujenge. Wakija kukagua wakaona nyumba, ndipo unapewa haki ya kudumu. Kwa hiyo hati inangoja nyumba, nyumba inangoja mkopo, na mkopo unangoja hati. Aliyeweza kujenga bila mkopo ndiye anayestahili mkopo.

Wengi wetu hata njia hiyo hatukuipitia. Kiwanja tulipewa na chefu, mashahidi wakiwapo. Kifungu cha 389 cha sheria hiyohiyo kiliahidi kwamba amri ya Rais itapanga haki za wananchi juu ya ardhi wanazokalia kimila. Miaka arobaini na zaidi ikapita, amri haikutoka.

Wapo wanaopenda kutupa mfano wa Marekani, ambako tangu sheria ya 1949 wizara ya kilimo husaidia watu wa mashamba kupata nyumba. Katika mikopo inayodhaminiwa na wizara hiyo, kipato cha kaya kisizidi asilimia 115 ya kipato cha kati cha eneo, na malipo ya awali hayadaiwi. Masharti mazuri. Lakini huko suala la hati huwa limekwisha kabla mtu hajafika dirishani.

Mimi ningewapeleka wabunge wa jimbo karibu zaidi: Katuba, Lubumbashi. Karibu na 1950 afisa wa kikoloni Ferdinand Grévisse alianzisha pale utaratibu wa kukopesha vifaa vya ujenzi, mkaaji akasimamia nyumba yake mwenyewe na kulipa kidogokidogo. Siusifu ukoloni, mtaa ulikuwa wa Waafrika peke yao, na kukaa mjini kulihitaji kibali. Ila hesabu ya mkopo ilikuwa sahihi, na inatufaa. Matofali Bukama tunafyatua na kuchoma wenyewe. Kinachotushinda ni mabati, saruji na mbao za milango. Mkopo wa mabati hauhitaji rehani ya ardhi. Unahitaji wadhamini, na likelemba za sokoni, yaani vikundi vya kuchangiana pesa kwa zamu, zinawajua walipaji wake kuliko benki yoyote. Marejesho yafuate msimu wa samaki, si tarehe ya mwisho wa mwezi. Sharti moja tu ningelikaza: nyumba isijengwe bondeni, Lualaba inakofika ikifurika.

Na fomu ya mkopo huo iandikwe kwa jina la anayelipa. Hadi Kanuni ya Familia iliporekebishwa mwaka 2016, mke hakuweza kujifunga kwa mkataba bila idhini ya mumewe. Sheria imebadilika, makarani kadhaa bado wanamwambia yule mama wa samaki arudi na mzee.