Mtoto Anapochora Ukutani

Wapo wazazi wengi katika vitongoji vyetu vya Kinondoni na Temeke ambao, wamwonapo mtoto amechora ng'ombe ukutani kwa kipande cha mkaa, humchapa kwanza, kisha humwuliza atakula nini akikua. Swali hilo ni la haki. Mzazi alipaye kodi ya chumba na kununua unga kwa mshahara wa mwezi halaumiwi akiuliza. Lakini jibu lake lilikwisha kutolewa hapa hapa jijini.

Marehemu Edward Saidi Tingatinga alizaliwa wilayani Tunduru mwaka 1932. Kama vijana wengi wa kusini, alifanya kazi kwanza katika mashamba ya mkonge ya Tanga, ndipo akaja Dar es Salaam kutafuta riziki. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora. Hakusomea fani hiyo chuoni, wala hakuwa na vifaa vya gharama. Alitumia vipande vya mraba vya ubao mwembamba wa dari, na rangi ya mafuta ile ile ipakwayo baiskeli. Picha zake zikapata wanunuzi huko Oysterbay.

Mtu asidhani kuwa kazi hiyo ni mchezo. Rangi ya namna hiyo hukauka polepole. Mchoraji hupaka rangi ya chini, akangoja. Akiharakisha, rangi huchanganyikana na ubao ukaharibika. Kisha hujaza umbo la mnyama, akangoja tena; madoa ya chui huja mwisho. Kwa hiyo somo la kwanza la uchoraji ni subira. La pili ni kuamua kipi kisichorwe, kwani mnyama mmoja katikati ya ubao mtupu hana mahali pa kuficha kosa.

Tingatinga aliwafundisha jamaa na rafiki zake, miongoni mwao January Linda na Simon Mpata. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Alikuwa amechora kwa miaka ipatayo minne tu, lakini wenzake hawakuweka brashi chini, na mwaka 1990 waliunda chama chao cha ushirika.

Kwa mafundi hao mwanafunzi huanza kwa kunakili picha ya mwalimu. Hiyo ni shule nzuri, ila asiishie hapo. Mnunuzi akikuta tembo yule yule katika kila kibanda, atavuta bei mpaka isilipe hata rangi.

Basi, ndugu mzazi, weka fimbo kando. Mpe mtoto karatasi, umwambie achore kitu alichokiona mwenyewe: foleni ya maji, mama ntilie, basi lililojaa abiria. Kesho mwambie arudie. Akichoka baada ya siku tatu, umepoteza karatasi chache. Akiendelea, huenda nyumbani mwako mna fundi.