GOLIKIPA WA BENGALURU: KABLA YA KUMCHAMBA, ISOMENI VIZA YAKE

Wiki hii mitandaoni moto umewaka tena, na safari hii cheche zimetokea India. Mama mmoja wa Kibongo anayeishi Bengaluru na mumewe na watoto wao wawili kaposti video ya dakika tatu akionyesha siku yake ya kawaida. Asubuhi anaingia dada wa kufagia na kupiga deki. Saa tatu anaingia mpishi. Saa nne dereva anapiga simu kusema gari liko getini. Jioni mama yuko pembeni ya bwawa la kuogelea la ghorofa lao, miwani usoni, juisi mkononi. Chini kaandika maneno mawili tu: "Maisha haya."

Povu lililofuata halikuwa la kitoto. Wengi walimwita golikipa, kwamba kazi yake ni kukaa golini kudaka anacholeta mume. Wengine wakamkumbusha kuwa juzi tu alikuwa akigombania daladala la Mbagala kama binadamu wengine. Kuna aliyeuliza digrii ile alisomea nini kama mwisho wake ni kukaa bwawani. Na wifi yake, bila aibu, kaandika mbele ya kadamnasi: "Wifi, tukumbuke na sisi huku. Laki mbili tu haikuui."

Kwenye kelele zote hizo, hakuna hata mmoja aliyeuliza swali la maana: kwa nini mwanamke aliyekuwa afisa mikopo benki kwa miaka tisa hapa Dar leo hana kazi?

Jibu si uvivu. Liko kwenye pasipoti yake.

VIZA INAYOMFUNGA MIKONO

Kwa taratibu za India, mgeni aliyeajiriwa anaingia na viza ya kazi. Mke wake na watoto wanaingia kama wategemezi, kwa viza ya herufi X. Mwenye viza hiyo haruhusiwi kuajiriwa wala kuendesha biashara. Awe na digrii mbili, awe na uzoefu wa miaka ishirini, hesabu ni ileile. Akitaka kufanya kazi inabidi apate mwajiri wake mwenyewe na viza yake mwenyewe, na hapo kuna kigingi kingine: kwa miaka mingi India imeweka kima cha chini cha mshahara kwa wageni wengi wa viza ya kazi, rupia laki 16.25 kwa mwaka. Yaani kama milioni nne za Kibongo kila mwezi. Mwajiri gani atamlipa hivyo afisa mikopo asiyejua Kikannada wala Kihindi, wakati vijana wa pale wenye sifa hizohizo wamejaa?

Kwa hiyo mama huyu hakuchagua kuwa golikipa. Alipangiwa namba.

Na huku nyumbani saa haikusimama. Mwanachama wa NSSF anahitaji michango ya miezi 180 ili apate pensheni ya uzeeni. Miaka tisa ya benki ni miezi 108. Siku alipoandika barua ya kuacha kazi ili amfuate mumewe, hesabu yake ilisimama hapohapo, na haijasogea hata mwezi mmoja. Baba watoto, kwa upande wake, anapanda cheo. Akirudi Bongo atarudi na wasifu mnene. Mama atarudi na pengo la miaka minne na video za bwawani.

Hiyo ndiyo habari. Bwawa ni mapambo tu.

AMBACHO VIDEO HAIKUONYESHA

Wanaosema familia hii inakula bata wangeanza na suala la nyumba. Bengaluru mwenye nyumba anadai amana kabla hujaingiza hata godoro, na desturi ya mji ule kwa miaka mingi imefika hadi kodi ya miezi kumi. Mtu wa Dar anayelalamika kudaiwa kodi ya miezi sita hapo anyamaze kidogo. Isitoshe, kuna wenye nyumba wasiotaka mpangaji anayepika nyama, na kuna wanaosikia sauti nzuri kwenye simu, wakiona sura mlangoni wanasema nyumba imeshachukuliwa. Waafrika wengi walioishi India wanaijua hadithi hii bila kusimuliwa.

Ukipata nyumba, kuna karatasi. Mgeni mwenye viza inayozidi siku 180 anatakiwa kujisajili FRRO, ofisi ya usajili wa wageni, ndani ya siku 14 tangu aingie. Hapo unatakiwa mkataba wa nyumba, barua ya mwajiri na picha za kipimo chao. Ukikosea unarudishiwa uanze upya. Nani anashinda kwenye kompyuta kuhangaikia makaratasi hayo? Baba yuko ofisini. Golikipa yuko kazini.

Halafu maji. Mwaka 2024, mwezi Machi, Bengaluru ilikauka mpaka serikali ikapiga marufuku kuoshea magari maji ya kunywa, faini rupia 5,000. Mji wa mabilionea wa kompyuta ukawa unasubiri maboza kama Kimara enzi za mgao. Hilo bwawa wanalolionea wivu, kipindi kile wengi wangefurahi likigeuka ndoo tatu za maji ya kuogea.

Kuhusu chakula, hapo mambo ni nusu kwa nusu. Chapati si shida, neno lenyewe tulilichukua kwao, sawa na gari, bima na pesa. Bajaji jina lake ni la kampuni ya Pune, ingawa wenyewe wanaiita "auto" na ukisema bajaji wanakushangaa. Kilichowaokoa watoto ni ragi mudde, chakula cha Karnataka: ugali wa ulezi unaoviringwa kama mpira na kuchovywa kwenye mchuzi. Mama anasimulia kwenye video moja ya zamani, ambayo haikupata hata robo ya watazamaji wa bwawa, kwamba siku mwanawe alipouona alipiga kelele, "Mama, huku nako kuna bibi!" Video hiyo ndiyo ilistahili kusambaa.

Shule nayo ina kizungumkuti chake. Bongo mwaka wa masomo unaanza Januari, Bengaluru shule nyingi zinafungua Juni. Mtoto akihama anapoteza nusu mwaka au anarushwa nusu mwaka. Darasani kuna Kiingereza, Kihindi na Kikannada. Kiswahili kinabaki cha jikoni, na jikoni mpishi anaongea Kikannada. Bibi akipiga simu kutoka Tanga, mjukuu mdogo anamjibu kwa Kiingereza, bibi anasema "haya mwanangu", simu inarudi kwa mama. Ni jambo dogo, lakini likirudiwa kila Jumapili kwa miaka minne linakuwa kubwa.

Na kuna rangi. Mtoto wa kike wa miaka saba anarudi nyumbani anauliza kwa nini wenzake wanagusa nywele zake na kwa nini mmoja kamwambia ajipake krimu. India ni nchi ambayo krimu maarufu ya kung'arisha ngozi ilibadilishwa jina mwaka 2020 ili kuondoa neno la weupe, lakini kopo linaendelea kuuzwa. Bongo hatuna cha kujisifu hapo, maduka ya Kariakoo yamejaa mkorogo. Ila kumjibu mtoto huyo si kazi ya mpishi wala dereva. Ni ya mama, na hiyo nayo hailipwi.

Tusisahau pia kwamba mwaka 2016 mwanafunzi wa kike Mtanzania alishambuliwa na kundi la watu palepale Bengaluru, kwa kosa la ajali aliyosababisha mtu mwingine, raia wa Sudan, ambaye hakumjua. Watu walikamatwa, serikali zikazungumza, maisha yakaendelea. Lakini mama yeyote Mwafrika anayemsubiri mtoto kwenye basi la shule jijini humo anaikumbuka habari ile. Haina maana kwamba Bengaluru ni mji mbaya. Majirani wengi ni watu wema, wanaleta sahani za peremende kila Diwali na kumwita "akka", dada mkubwa, kwa heshima zote. Lakini hofu haiondoki kwa sahani moja.

LAKI NI LAKI?

Sasa turudi kwa wifi. Laki ni neno moja kwa Mbongo na kwa Mhindi, mia elfu zote mbili, na hapo ndipo ugomvi wa ukoo unapozaliwa. Laki moja ya rupia ni karibu milioni tatu za Kibongo. Siku mtu wa nyumbani akisikia mume analipwa laki kadhaa kwa mwezi, anapiga hesabu ya haraka na kuona hela inamwagika. Hapigi hesabu ya kodi, ada ya watoto wawili, bima na tiketi za ndege za watu wanne kila likizo.

Na mwanamke asiye na mshahara anaombwaje laki mbili? Atazitoa wapi? Zamani alikuwa anamtumia mama yake hela kwa simu bila kumuuliza mtu. Leo inabidi aseme, "Baba fulani, mama hajisikii vizuri." Aliyewahi kupitia hapo anajua sentensi hiyo ina uzito gani. Wifi anaomba kwa mtu ambaye naye anaomba.

LAWAMA ZAKE ZIPO

Kusema hivi si kumvika kilemba cha ukoka. Kwenye ile video yule dada wa kufagia kaonekana uso mzima, kainama, bila dalili kwamba aliulizwa. India wasaidizi wa ndani wengi hawalali kwa mwajiri kama wadada wa kazi wa Bongo. Wanazunguka nyumba nne tano kwa siku, saa moja huku, saa moja kule, na kuna majengo wanatengewa hadi lifti yao. Mgeni anayenyimwa nyumba kwa rangi yake angekuwa wa kwanza kuona kwamba mtu aliyeshika fagio si mapambo ya video. Hilo anastahili kuambiwa, kwa adabu.

Na kuna jingine ambalo Wabongo wa huko na huku wote wanalikwepa. Miaka nenda rudi watu wa Dar wamelalamika kwamba Wahindi wa Upanga wanajifungia, wanaoana wenyewe, wanapikiana wenyewe. Haya, familia ya Kibongo imefika Bengaluru: Jumamosi iko na Wabongo, Jumapili iko kanisani na Wakenya na Wanaijeria, Krismasi pilau na Waganda. Hakuna mwenye kosa hapo. Mgeni anatafuta mahali ambapo hatalazimika kujieleza. Lakini kama ni sawa Bengaluru, basi Upanga nako wangepunguziwa maneno.

MUULIZENI BABA

Kinachokera zaidi kwenye povu lote hili ni kwamba baba hajaguswa. Yeye kapongezwa: "mwanaume wa shoka, kampeleka mkewe majuu." Mke katukanwa kwa kupelekwa. Uamuzi ulikuwa wa wawili, faida ikaenda kwa mmoja, matusi yakaenda kwa mwingine.

Kampuni inapomhamisha mtu na familia, kuna mezani pa kukaa kabla ya kusaini. Kwanza, mume aombe kampuni iingize suala la mwenza kwenye mkataba. Mwenye nguvu ya kudai ni yule anayetakiwa, na anatakiwa kabla ya kusaini, si baada ya kutua. Pili, mke asipokuwa na mshahara, sehemu ya mshahara wa mume iingie kwenye akaunti yenye jina la mke kila mwezi, si kama hisani, bali kama fidia ya miezi ile 72 iliyobaki kufika 180. Tatu, tarehe ya kurudi iandikwe. "Tutaona" si tarehe. Nne, awe na kitu cha kushika, masomo ya mtandaoni au mtihani wa taaluma yake, ili akirudi benki asiambiwe mambo yamebadilika.

Mume anayeona masharti hayo ni makubwa ajiulize angefanyaje kama barua ya uhamisho ingekuja kwa jina la mkewe. Angekubali viza ya X? Angekaa getini kusubiri basi la shule, wenzake wa kijiweni wakimwita golikipa? Wanaume wengi wangekataa kabla ya kumaliza kusoma barua.

Inasemekana sasa nyumba ile kuna mjadala mzito: mama anataka kurudi Januari na watoto ili waanze shule Bongo, baba anataka aongeze miaka miwili. Watu wanasema kiburi cha hela. Hapana. Ni mwanamke anayepiga hesabu ya miezi yake, na ana haki ya kuipiga kwa sauti.

Mdau, kama ni wewe ungemfuata mwenza wako kwa viza ya kukaa tu, au ungebaki na kazi yako mkutane likizo? Tiririka hapo chini, ila matusi yaacheni kwenu.