Mgeni Asiyepewa Jembe

Wahenga waliposema kuwa mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe, walimheshimu mgeni kwa njia mbili. Kwanza walimpumzisha kwa kuwa amechoka. Kisha walimpa kazi kwa kuwa ni mtu mzima mwenye mikono. Hawakusema kwamba siku ya tatu apewe mtoto. Lakini hili ambalo wahenga hawakulinena ndilo litendwalo leo katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki, Moshi na Arusha, Nairobi na Mombasa. Kijana atokaye Ulaya au Marekani, aliyemaliza shule jana, hulipa ada kwa wakala wa safari, hushuka katika ndege, na baada ya siku chache hukabidhiwa darasa asilolisomea, au chumba kilichojaa watoto asiowajua.

Hapana haja ya kumtukana kijana huyo. Nia yake aghalabu ni njema, na wema wa nia si jambo dogo katika dunia yenye ubahili. Walakini nia njema haiponyi jeraha ilitialo yenyewe. Mtoto aliyefiwa na wazazi, au aliyetengwa nao, amekwisha kupoteza mara moja. Mgeni huja, humbeba, humfundisha wimbo, humwita kwa jina la mapenzi, na baada ya majuma mawili huondoka asirudi tena. Juma lifuatalo huja mwingine na wimbo ule ule. Mwaka ukiisha, mtoto huyo amefiwa mara nyingi na watu walio hai.

Mwaka 1951 John Bowlby wa Uingereza, katika taarifa yake kwa Shirika la Afya Duniani, alionyesha kuwa mtoto mdogo ahitaji mapenzi ya karibu na ya kudumu kutoka kwa mama yake, au kwa mtu mmoja ashikaye mahali pa mama. Neno lenye uzito hapa ni kudumu. Wageni huona watoto wa kituo wakiwakimbilia na kuwakumbatia siku ya kwanza, wakadhani kuwa ile ni furaha. Mtoto mwenye kwao amwonapo mgeni huficha uso katika kanga ya mama yake. Yule amkumbatiaye kila apitaye huenda ndiye asiye na kanga ya kujificha.

Wako wasemao: bila ya wageni hawa na fedha zao, nani angewalisha yatima? Swali hili lina huruma, lakini limegeuza mambo juu chini. Kambodia ni shahidi. Kati ya mwaka 2005 na 2010 idadi ya makao ya watoto nchini humo iliongezeka kutoka 154 hadi 269, na uchunguzi ulipofanywa, karibu watoto watatu katika kila wanne waliokuwamo walikuwa na mzazi aliye hai. Mauti hayakuongeza yatima. Wageni wenye fedha ndio walioongeza makao, na makao yakatafuta watoto wa kuyajaza. Mama maskini aliambiwa kuwa mwanawe atasomeshwa na kulishwa, akamtoa kwa machozi. Fedha iliyomtenga mtoto na mama yake ingaliweza kununua sare, madaftari na mtaji wa genge, na mtoto angalilala kwao.

Mizani ya haki ina sahani mbili. Nchini Uingereza mtu hapokewi kufanya kazi katika nyumba ya kulelea watoto kabla ya kuchunguzwa kama amepata kutiwa hatiani kwa uhalifu. Kwa nini mlango ulio na kufuli kule uwe wazi huku? Mwaka 2016 mahakama ya Oklahoma, Marekani, ilimhukumu kijana mmoja kifungo cha miaka 40 kwa uovu aliowatendea watoto wa kituo kimoja nchini Kenya, alikokwenda kujitolea mwaka 2014. Kijana mmoja si vijana wote. Lakini mlango ulio wazi haumchagui aingiaye. Mwaka 2017 Serikali ya Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto, na mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliyataka mataifa yazuie madhara ya kazi za kujitolea katika makao ya yatima. Kwa hiyo kutojua si udhuru tena.

Walakini lawama isivuke bahari peke yake. Mwenye kituo aliyewapanga watoto mstarini waimbe basi la wageni liwasilipo si mgeni. Na wanafunzi wa vyuo vikuu vya hapa hapa, waendao Jumamosi na sabuni, sukari na kamera, wakarudi jioni na picha za watoto wa watu, wamejifunza desturi ile ile bila ya kupanda ndege. Mtoto hapunguziwi uchungu kwa kuwa aliyemwacha anasema Kiswahili.

Basi mgeni afukuzwe? La. Arudishiwe jembe lake. Aliyesomea ualimu na akae na mwalimu wa mahali, amsaidie katika ile kazi ambayo mwalimu atabaki nayo. Aliyesomea uhasibu na atengeneze hesabu, fundi na aezeke paa. Asiye na ujuzi na aitume nauli yake kwa bibi aleaye wajukuu watano kwa kilimo cha nusu eka, kwa maana bibi huyo ndiye makao ya watoto yaliyo ya kale kuliko yote, na hana kibao mlangoni wala mgeni wa kumpiga picha. Mgeni apewe jembe. Mtoto apewe kwao.