Mwalimu wa Jumamosi Naye ni Mfanyakazi



Jumamosi moja ya mwezi uliopita watoto wa darasa letu la asubuhi, huko Kawangware, walifika na madaftari yao wakakuta mlango umefungwa. Walikaa nje mpaka saa tano, kisha wakarudi makwao. Mwalimu wao hakuwa mgonjwa wala mvivu. Alikuwa amekwenda Lavington kufua nguo, maana kodi ya chumba chake ilikuwa imefika, na Jumamosi ndiyo siku ya kupata kibarua cha kufua. Tulipomwuliza, alitujibu kwa adabu: "Ndugu zangu, ninyi mna mshahara wa mwisho wa mwezi. Mimi nikifundisha Jumamosi, Jumapili sili." Tuliona haya, na ndiyo sababu tunaandika maneno haya.

Yafaa tuwaeleze kwanza wanachama wasiolijua darasa hili. Katika tawi letu, kuanzia jikoni za mahoteli ya mjini hata majengo yanayojengwa Westlands na Kileleshwa, tunao wenzetu waliotoka Kongo. Wengi wanakaa Kawangware, Kangemi na Riruta. Walikimbia vita vya Kivu Kusini, wengine zamani, wengine juzi tu, baada ya Goma kutekwa Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata. Watoto wao wanasoma katika shule za hapa pamoja na watoto wetu, na hilo ni jambo jema. Lakini lugha ya nyumbani inawatoka. Bibi akipiga simu kutoka Uvira, mjukuu anamsikia bila kumwelewa, akampa mama yake simu. Mama aliyetoka milimani, ambaye Kiswahili chake si kingi, huenda hospitali na mtoto wa miaka tisa awe mkalimani wake. Mtoto huyo husikia habari za ugonjwa wa mama yake kabla ya mama mwenyewe. Je, hapo nani mzazi na nani mtoto?

Wengine watasema shule ya Serikali ndiyo inayopaswa kufundisha lugha hizo. Tujue mambo yalivyo. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilishauri mtoto aanze masomo kwa lugha inayotumika mahali shule ilipo. Huko mashambani shauri hilo linamfaa mtoto. Lakini Nairobi ni mji wa makabila mengi, na hapa lugha ya mahali ni Kiswahili, au Kiingereza. Mwalimu mmoja mwenye darasa la watoto wengi hawezi kumfundisha kila mmoja lugha ya mama yake. Kazi hiyo imebaki kwa wazazi wenyewe. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 44, yasema kila mtu ana haki ya kutumia lugha yake, na wenye lugha moja wana haki ya kuungana na kuunda vyama vyao. Haki ipo. Isiyokuwapo ni fedha ya kumlipa mwalimu.

Tulipoanza darasa, tatizo la kwanza halikuwa fedha. Lilikuwa ni lugha ipi ifundishwe. Wako wanaosema Kifuliiru, wako wa Kibembe, wako wa Kinyamulenge. Huko kwao, katika milima ya Uvira, Fizi na Mwenga, watu wa lugha hizi wameumizana kwa bunduki miaka mingi. Hapa Kawangware wanachota maji katika mfereji mmoja. Mzazi mmoja alitaka kila kabila litafute chumba chake. Tulikataa. Tukasema chumba kitakuwa kimoja, daftari la mahudhurio moja na sanduku la fedha moja, na kila lugha ipewe saa zake mbili. Kati ya darasa moja na jingine watoto wote hunywa uji pamoja. Tangu hapo hatujasikia tusi la kikabila katika chumba kile. Hatudai kwamba tumemaliza vita vya Kongo. Twasema tu kwamba hatukuvifungulia mlango hapa.

Wako wanachama wanaouliza: je, huu si ukabila? Chama cha wafanyakazi kina shughuli gani na lugha za makabila? Swali hili ni la haki, na jibu limo katika historia yetu wenyewe. Mwaka 1937 Labour Trade Union of Kenya, chini ya katibu wake Makhan Singh, iliendesha mgomo wa siku 62 katika mji huu, na waajiri wakaongeza mshahara. Chama kile kiliwaandikia mafundi kwa Kipunjabi na lugha nyingine walizozisoma majumbani mwao. Je, lugha hizo zilimfanya Makhan Singh kuwa mtu wa kabila? Tarehe 1 Mei 1949 ndiye aliyeungana na Fred Kubai kuunda East African Trade Union Congress, chama cha Mwafrika na Mhindi pamoja. Lugha ya nyumbani haivunji umoja. Kinachouvunja ni dharau. Kiswahili ni lugha ya mikutano yetu na ya gazeti hili, na kitabaki hivyo.

Basi turudi kwa mwalimu. Kwa mwaka mzima tumempa shukrani na kikombe cha chai. Kama mwenye hoteli angewatendea wapishi wake hivyo, sisi tungekuwa wa kwanza kupiga kelele. Tunaingiaje katika ofisi ya mwajiri kudai malipo ya saa za ziada, hali sisi wenyewe tunakula saa za mwanamke huyu bure? Ati kwa sababu ni kazi ya moyo? Kila mwajiri mbaya huanza na neno hilo.

Wengine husema tuwaachie mashirika ya misaada. Msaada ukija tutaupokea, lakini tusijenge nyumba juu yake. Mwaka 2025 Marekani ilipopunguza fedha zake, UNHCR ililazimika kuachisha watumishi wengi na kupunguza kazi zake duniani. Darasa linalotegemea mfuko wa mbali hufungwa na watu wasioijua hata njia ya Kawangware.

Wazee wetu walijua kujitegemea. Kuanzia miaka ya 1930 wazazi wa Kikuyu walijenga shule zao huru, na mwaka 1939 chuo cha walimu kikafunguliwa Githunguri. Shule zile hazikuanzishwa kwa ajili ya lugha, lakini zilisimama kwa michango ya wakulima na vibarua, mpaka Serikali ya kikoloni ilipozifunga wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Waliweza wao, wenye senti chache kuliko sisi.

Haya ndiyo tunayoomba mkutano wa tawi uyakubali. Kwanza, kila mzazi alipe shilingi 50 kwa mtoto kila Jumamosi, apewe risiti. Watoto ni 40, yaani shilingi 2,000. Kila mmoja wa walimu watatu apate 600 kwa saa zake mbili, na 200 zinazobaki zinunue chaki na unga wa uji. Chumba tumeazimwa bure. Pili, mzazi asiye na kazi asifukuziwe mtoto: tawi limlipie kutoka mfuko wake. Tatu, mweka hazina asome hesabu mbele ya wote kila mwisho wa mwezi. Nne, walimu hao waandikishwe kuwa wanachama. Kifungu cha 41 cha Katiba chasema kila mfanyakazi ana haki ya kujiunga na chama, wala hakiulizi alizaliwa upande gani wa ziwa.

Mwanachama wa Kakamega au Siaya asiseme jambo hili halimhusu. Wako wangapi kati yetu ambao watoto wao, wakienda nyumbani Desemba, hukaa kimya mbele ya babu yao? Leo darasa ni la Wakongo. Likisimama vizuri, chumba ni kile kile na ubao ni ule ule, nasi tutaomba saa zetu mbili.

Mwalimu amekubali kurudi Jumamosi ijayo. Asirudi kwa huruma yake tena. Arudi kwa mshahara.