Bolti ya ndege haipimwi kwa macho

Mwenye mashine ya kusaga pale Bunda akifunga bolti yoyote iliyo karibu, hasara yake inajulikana: mashine inasimama na wateja wanarudi na mahindi yao. Ndege haina mahali pa kusimama.

Juni 10, 1990, ndege ya British Airways iliyotoka Birmingham, Uingereza, kwenda Malaga, Hispania, iling'oka kioo cha mbele ikiwa futi 17,300 angani. Rubani alivutwa nje nusu mwili. Wahudumu walimshika miguu hadi msaidizi wake alipotua Southampton, na ajabu ni kwamba wote walipona. Kioo kilikuwa kimebadilishwa usiku, saa 27 kabla ya safari. Kati ya bolti 90, 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa. Fundi alizichagua kwa kuzilinganisha na za zamani kwa macho, bila kufungua kitabu.

Huyo hakuwa kibarua. Alikuwa msimamizi wa zamu, mzoefu, aliyeamua kuifanya kazi mwenyewe kwa kuwa watu walikuwa wachache. Hakuna mwingine aliyeikagua.

Kosa jingine hulala muda mrefu. Ndege ya Japan Airlines iliyoua watu 520 Agosti 12, 1985 ilikuwa imekarabatiwa vibaya sehemu ya mkia mwaka 1978. Iliruka na kutua kwa miaka 7, kila mtu akiamini ni nzima.

Mkoa wa Mara unahusika. Ndege ndogo hushusha watalii Serengeti, na watalii hao ndio soko la mboga, maziwa na samaki kutoka Bunda, Butiama na Musoma. Ajali moja ingewapeleka kwingine.

Tena Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliyapiga marufuku mashirika yote ya ndege yaliyosajiliwa Tanzania kuruka katika anga yake. Sababu zilizotajwa ni pamoja na uhaba wa wataalamu na udhaifu wa usimamizi wa uzima wa ndege. Wavuvi wa Musoma hawajasahau mwaka 1999, Ulaya ilipokataa samaki wa Ziwa Victoria. Mnunuzi akishapoteza imani, kumrudisha ni kazi.

Mamlaka ya Usafiri wa Anga haina budi kuwa na wakaguzi wa kutosha wenye ujuzi, na wanaolipwa vizuri wasije wakahamia kwingine. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kinafundisha mafundi wa ndege. Vijana wa Mara waliofaulu sayansi wapelekwe huko. Kila kampuni nayo imlinde fundi anayekataa kusaini kazi asiyoridhika nayo, hata kama abiria wamekwishapanda.

Na abiria nao, wenye mizigo na haraka zao, wapunguze kelele kaunta wanapoambiwa fundi hajamaliza.