Robinson Hakuwa Mpole

Mjukuu wangu aliniletea karatasi tatu akasema, "Babu, naomba unisahihishie. Ni wasifu wa Jackie Robinson, yule mchezaji wa besiboli wa Marekani. Nataka kuuweka kwenye intaneti kwa Kiswahili." Nilichukua kalamu nyekundu, ambayo kustaafu hakujaninyang'anya, na kabla ya kufika karatasi ya pili pembezoni palikuwa pamejaa wino. Kijana alinuna. Alidhani nimekosoa sarufi, kumbe sarufi yake ilikuwa safi. Nilichokikataa ni mtu aliyemwandika.

Mtu huyo alikuwa mpole. Alitukanwa akanyamaza, akazomewa akatabasamu, akapiga mpira, akapewa tuzo, akafa. Wasifu wa namna hii umezagaa, na waandishi wananakiliana kama watoto wanavyonakiliana hesabu, mpaka kosa la mmoja linakuwa la darasa zima.

Nianze na kosa dogo. Mjukuu aliandika kwamba Robinson alikuwa Mweusi wa kwanza kucheza katika ligi kuu. Sivyo. Moses Fleetwood Walker alichezea timu ya Toledo mwaka 1884, katika ligi iliyohesabiwa kuu. Baada yake mlango ulifungwa, si kwa sheria iliyoandikwa bali kwa maafikiano ya wenye timu, ukakaa hivyo zaidi ya miaka 60. Robinson alipoingia Ebbets Field na Brooklyn Dodgers, Aprili 15, 1947, alivunja komeo lililotiwa kwa makusudi. Ukisema "wa kwanza" ukaishia hapo, msomaji atadhani Weusi walikuwa bado hawajajifunza mchezo. Na walikuwa na ligi zao! Mwaka 1945 Robinson mwenyewe alichezea Kansas City Monarchs, na mapigo yake 49 ya mwaka ule hayakutiwa katika hesabu kuu mpaka 2024, jumla yake ikapanda kutoka 1,518 hadi 1,567. Basi hata tarakimu, ambazo tunaambiwa hazina ubishi, zilikuwa na ubaguzi ndani yake.

Sasa huo upole. Julai 6, 1944, katika kambi ya jeshi ya Camp Hood, Texas, dereva wa basi alimwamuru Luteni Robinson aende kukaa nyuma. Alikataa. Alirushiana maneno na wakubwa waliomhoji, akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na Agosti 2 akaachiwa huru. Mwaka uliofuata Branch Rickey, mkuu wa Dodgers, alipomtaka asijibu matusi uwanjani, alikuwa anazungumza na mtu ambaye kujibu kulikuwa ndiyo tabia yake. Robinson alikubali kwa muda, kama mpiganaji anayeficha silaha. Kufikia 1949 alikuwa anajibu, na mwaka huo alipiga kwa wastani wa mara 342 katika kila zamu 1,000, akateuliwa mchezaji bora wa ligi yake. Mbona wasifu unasimulia ule mkataba wa kunyamaza kwa kurasa, na mwisho wake hausimuliwi hata kwa mstari?

Jibu langu ni kwamba mpole anawafaa watu. Haulizi kitu.

Wala sitaki tumpake rangi nyingine badala ya hiyo. Mwaka huo huo wa 1949 alikwenda mbele ya kamati ya bunge la Marekani akatoa ushahidi dhidi ya maneno ya Paul Robeson, Mweusi mwenzake; mwaka 1972, katika kitabu cha maisha yake, alisema kama angeitwa tena angekataa. Mwaka 1960 alimuunga mkono Nixon, na si Kennedy. Hayo nayo yaandikwe. Mjukuu alisema yatamharibia sifa. Nilimwambia kazi ya wasifu si kufua nguo.

Kuna rafiki yake aliyetia neno: michezo ni michezo, siasa tuiache. Hoja hii ina uzee wa kutosha. Robinson alipotiwa katika jumba la mashujaa wa besiboli, Cooperstown, mwaka 1962, kibao chake cha shaba kilitaja mchezo tu, na ni kweli yeye mwenyewe alitaka apimwe kwa mchezo wake. Mwaka 2008 wakakibadilisha, wakaongeza kwamba alivunja kizuizi cha rangi. Iliwachukua miaka 46 kuongeza sentensi ambayo kila shabiki aliijua.

Na sisi wa Kenya tuna sentensi yetu inayokosekana. Mwaka 1959 Tom Mboya alipokuwa akitafuta fedha za kuwapeleka vijana wetu kusoma Marekani, barua ya kuomba michango ilitiwa sahihi na Harry Belafonte, Sidney Poitier na Jackie Robinson. Septemba mwaka huo ndege ikawapeleka wanafunzi 81. Wangari Maathai alifuata na kundi la 1960. Nilikuwa mtoto mdogo wakati huo. Wengi wa waliorudi walikuja kuwa wakubwa wa wizara na walimu wa walimu wetu. Wasifu wa Kiswahili wa mtu huyu usiotaja barua ile, unamwandikia nani?

Wapo watakaosema mzee anakuza jambo, kwani yote hayo yamo vitabuni. Machi 2025 ukurasa wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani uliosimulia utumishi wa Robinson jeshini uliondolewa kwenye intaneti. Watu walipiga kelele, ukarudishwa. Safari hiyo kelele zilitosha.

Mjukuu aliandika upya. Basi la Texas limo, Walker yumo, barua ya 1959 imo. Amemalizia na Oktoba 15, 1972, Robinson, karibu kipofu kwa kisukari, akisema mbele ya umati wa fainali kwamba angependa kuona Mweusi akiwa kocha mkuu wa timu. Alikufa siku 9 baadaye, na Frank Robinson, ambaye hawakuwa ndugu, akapata kazi hiyo Cleveland kwa msimu wa 1975. Mstari wa Nixon ameuweka mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo. Nimeuzungushia wino na kumrudishia karatasi.